Helmeti za Abiria

Mama muosha pikipiki alikuwa akifuta helmeti za kituo cha bodaboda kwa kitambaa chenye sabuni. Ndani ya helmeti ya abiria ya dereva aliyeitwa Breki akakuta kichwa cha mwanamke. Hakikuwa na damu. Kilikuwa kimefumba macho kama mtu aliyesinzia ibadani. Mama akasema samahani, akafuta nje tu, akaitundika mahali pake.

Kila dereva pale alikuwa na helmeti mbili. Moja aliivaa mwenyewe. Ya abiria aliipachika kwenye kiwiko. Wakikaribia njia panda yenye trafiki, abiria alipewa, akaishikilia kichwani kwa mkono bila kufunga mkanda. Wakishapita, aliirudisha. Wengi walikuwa wamefia mbele kidogo ya njia panda hiyo.

Haikupita wiki, kila helmeti ya abiria ikawa na kichwa cha mwenyewe ndani. Madereva walilalamikia uzito.

"Kiwiko kimevimba jamani," alisema Breki, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuzitumia.

"Ongea naye basi, safari iwe fupi," mwenzake akamtania.

Mama hakucheka. Binti yake, mwenye mimba changa, alipanda kwa Breki kila asubuhi kwenda kiwandani. Alfajiri mama alimwombea kwa Mungu. Kulipokucha alimwombea kwa Breki.

Siku moja aliinama mbele ya helmeti ya Breki. "Dada yangu, mwanangu anasafiri. Huwezi kumwachia helmeti, japo mpaka kiwandani?"

Kichwa kikafumbua macho. "Mama, niliiomba tukiwa njiani. Akaniambia trafiki tumeshampita. Ndiyo kwanza nimeipata."

Mama akaona huyu naye hana kosa. Akamgeukia Breki.

"Baba, nunua nyingine."

"Ya nini, na hii ipo?"

"Ina mtu."

"Si ndiyo vizuri? Trafiki akitazama, ataona imevaliwa."

"Basi mpe mwanangu ya kwako."

"Halafu mimi nivae nini, mama? Sufuria?"

Wenzake wakaangua kicheko. Binti akatokea akifunga kilemba juu ya nywele alizosuka jana, mkoba begani.

"Mama, usinitie aibu kwa watu. Ni hapo tu."

"Hata huyu alikuwa anakwenda hapo tu."

Binti akakitazama kichwa, akakiamkia kwa heshima, kisha akapanda. Breki akavaa yake, akafunga mkanda vizuri mpaka kidevuni, akapachika ile nyingine kwenye kiwiko.

"Mshike kiunoni," mama akasema.

Pikipiki ikanguruma. Ndani ya helmeti kichwa kiligeuka taratibu, kikamtazama binti kwa huruma. Kisha kikajisogeza upande mmoja, kama mtu aliyeketi kwenye benchi anapomwona mwenzake anakuja, kikamwachia nafasi.