Taa Zisizopoteza Mwanga

Jumamosi saa nne asubuhi fundi umeme alitoa balbu saba za zamani, akafunga saba za kubana matumizi, akafagia vumbi lake, akaenda zake. Jioni baba mwenye nyumba alibonyeza swichi ya sebuleni. Mwanga mweupe ukafika kwenye meza, makochi, watoto watatu, hata paka chini ya kiti. Mdogo wa mkewe, aliyesimama katikati ya chumba na sinia la chai, haukumfikia. Vikombe vilianza kuonekana alipoviweka mezani.

"Anti, upo?" akauliza mtoto mkubwa.

"Nipo."

Wakanywa chai.

Fundi aliitwa tena. Akasoma boksi, akajaribu balbu nyingine, mambo yakawa yaleyale. "Hazina kasoro, bosi," akasema. "Zile za zamani zilikuwa zinamwaga mwanga ovyo, kwa yeyote aliyemo. Hizi zinaangaza panapohitajika tu."

Bosi alifurahi sana.

Anti alikuja nyumba hii kwa miezi mitatu, kumsaidia dada yake aliyejifungua, kisha apelekwe chuo cha ushonaji. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini yeye alipewa ufagio kabla hajavua viatu. Mtoto yule sasa yuko darasa la sita, na ndiye aliyeuliza kama yupo.

Safari hii fomu ya chuo alikuwa nayo mkononi, ikingoja sahihi ya mdhamini kabla ya Ijumaa.

"Dada, ile fomu yangu."

"Mwakani, mdogo wangu. Huyu wa mwisho akishaanza shule."

Jibu hilo alilijua kama anavyozijua sufuria zake. Ila chini ya balbu za zamani dada alikuwa walau akiinamisha macho akilitoa. Sasa hakuwa na haja. Aliendelea kutazama televisheni. Hilo ndilo lililomuuma Anti, si giza.

Jua halibani matumizi. Alhamisi mchana, uani, akionekana kuanzia utosini hadi kisiginoni, alimnyooshea dada yake fomu na kalamu. Dada akaiona fomu. Akamwona na yeye. Kisha akahamishia macho kwenye nguo zilizoanikwa.

"Mchana huu, na kazi zote hizi? Tutaongea jioni."

Jioni mtoto alimgonga, chai ya moto ikamuunguza Anti mkono. Dada alisikitika kweli, akampaka dawa kwa kupapasa. Kesho yake akamnunulia kengele ndogo ya kufunga kiunoni.

Ilikuwa Ijumaa. Chai ilipoitishwa, kengele ikalia kutoka jikoni, na watoto wakasogeza miguu.