Pipa Zito

Fundi wa vyuma aligonga pipa kwa kifundo cha kidole, likaitika kwa sauti nene, ya chini. Akagonga la pili, likalia kama sufuria tupu.

"Aina hii ya pili unaijua," alisema.

Mwashi aliijua, tena sana. Miezi miwili nyuma alisimama palepale akimchagulia pipa dada yake, aliyekuwa akikausha nyama kwa moshi wa mkaa na kuwauzia wachimba mawe kule kilimani, kwenye upepo unaopenya hadi mifupani. Fundi alimsihi achukue lile zito: chuma kinene hushika joto, mfuniko umekaa sawasawa, na tundu la hewa lina kilango cha kufunga upepo unapogeuka. Mwashi alijaribu kuliinua, akatupa jicho kilimani, uvivu ukamwingia. Akabeba lile jepesi, la bati jembamba. Kwa dada yake akasema, "Yalikuwepo ya namna hii tu."

Baridi ilipokaza, pipa lile halikufua dafu. Upepo uliliingilia kila upande, mkaa ukateketea bure, nyama ikabaki mbichi. Asubuhi moja dada alichoka kupigana na upepo, akalikokota pipa hadi jikoni na kufunga mlango. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyemkuta sakafuni, hajitambui. Alilazwa siku nne. Tangu arudi, dada alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali neno lilelile: "Ujinga wangu mwenyewe. Nani huwasha mkaa ndani akafunga mlango?" Na Mwashi, aliyeketi kando yake, aliinamisha kichwa kama mtu anayemwonea huruma.

Safari hii hakuukwepa uzito. Alilifunga pipa zito kwenye mkokoteni, akausukuma peke yake, akapumzika mara sita, viganja vikachubuka. Maumivu yale aliyapokea kwa mikono miwili, lakini hayakumpunguzia kitu.

Dada alitoka nje amejitanda shuka. "Mdogo wangu! Dude hili umelitoa wapi? Unanihangaikia mpaka naona haya."

Sifa ile ilimchoma kuliko tusi.

"Usinishukuru, dada. Lilikuwepo."

"Nini kilikuwepo?"

"Pipa hili, siku ile. Fundi aliniambia kabisa nichukue hili. Nikaona zito. Nikakudanganya."

Mkono wa dada ulibaki juu ya mfuniko.

"Kwa hiyo niliposema ujinga wangu..."

"Nilikuwa nakusikia."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu, dada."

Mwashi alingoja makelele, hata kofi. Dada aliingia ndani, akarudi na mkaa, akaupanga ndani ya pipa. Akawasha, akatundika nyama, akafunika. Upepo ulipovuma alisukuma kile kilango kidogo kwa kidole, moto ukatulia.

"Kaa hapa," alisema hatimaye. "Usibanduke mpaka iive. Mimi naenda kulala."

"Itachukua mchana kutwa."

"Najua. Nimekaa hapo miezi miwili."

Mlango ukafungwa. Mwashi aliketi juu ya jiwe, shingo ameiingiza mabegani, masikio yakimuuma kwa baridi. Alimsikia dada akikohoa, akanyamaza, akakohoa tena. Alitamani kubisha hodi, ila alikuwa ameambiwa asibanduke.

Baadaye pazia la dirishani lilisogezwa kidogo. Mwashi hakuthubutu kugeuka. Hakujua kama anayeangaliwa ni yeye, au ni moto.