Kibuyu cha Mama Hakioshwi kwa Sabuni

Niseme ukweli mapema: sikutoka Nyaishozi kuja Ihanda kusafisha nyumba. Nilikuja kuchukua kibuyu cha mama kabla mtu mwingine hajakitia mkononi.

Misa yake ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa Jumamosi, pale pale nyumbani, na baba hakuwa ameruhusu nyumba iguswe tangu tulipomzika. Safari hii alikubali. Wifi yangu Adelgunda, mke wa mdogo wangu Mucyo, anaishi ng'ambo ya barabara, kwa hiyo alinitangulia na ndoo, brashi, chokaa na sabuni ya unga ya kutosha kufulia kata nzima. Adelgunda ni mtu wa Muleba. Roho nzuri anayo, hilo sikatai, lakini akishika fagio hana ndugu wala rafiki.

"Sakafu haioshwi ikiwa na mizigo," aliniambia hata kabla sijatua mkoba. "Tutoe vyote nje, wifi, kisha tuchague."

Basi tukatoa. Baba, mzee Mbonimpa, alikaa kwenye kigoda kando ya mibuni, fimbo katikati ya magoti, akitazama vyombo vyake vikipita mlangoni. Adelgunda akapanga mafungu matatu: vya kubaki, vya kugawa na vya kutupa. Fungu la kutupa likazidi kunenepa, nami nikawa nanyofoa humo kila alipogeuka.

"Hilo debe limetoboka, wifi."

"Mama alikuwa analowekea maharage humo."

"Limetoboka!"

"Mimi nimesema liache."

Tuliendelea hivyo asubuhi nzima. Nilishindwa mkeka ulioliwa na panya, nikashinda redio ya mbao. Kwenye mwavuli uliobaki vyuma vitupu nikakwama kabisa. Siku ya kipaimara changu mvua ilitukuta njiani, mama akaniegemezea mwavuli ule wote, yeye akalowa mgongo mzima ili gauni langu jeupe lifike kanisani kavu. Nilimkumbuka. Nikaenda nyuma ya choo nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kugombana.

Lakini kibuyu sikukiona. Siku zote kilining'inia juu ya kitanda cha mama na kifuniko chake cha kusukwa. Ndicho alichosukia maziwa tangu alipoolewa. Kwetu sisi chombo cha maziwa hakiguswi na sabuni, hufukizwa. Unawasha nyasi kwenye kijungu cha udongo, unazizima zibaki zinafuka, unaelekeza mdomo wa kibuyu kwenye moshi. Ndani panakuwa peusi, na maziwa yanapata harufu yake. Mama alifukiza kila jioni, hata harufu ile ikahamia kwenye khanga zake, kwenye nywele na viganja. Ng'ombe hatukuwa nao tena. Mara ya mwisho nilipokuja nilifungua kifuniko nikaingiza pua, na mama alikuwa humo. Nilikuwa nimeshakitengea mahali nyuma ya duka langu.

"Kibuyu cha mama kiko wapi?" nikauliza.

Adelgunda akatabasamu, akaonyesha uzio. Kilikuwa kimepachikwa kichwa chini kwenye mti wa uzio, kinachuruzika maji.

"Hicho ndicho kilichonitoa jasho," alisema. "Kilikuwa cheusi ndani, kinanuka moshi! Nimekiloweka kwa sabuni na maji ya moto, nikatia mchanga nikakitikisa mpaka kikatakata. Nimesema siku ya misa tukiweke mezani, karibu na picha yake."

Nikakiendea. Nikanusa. Kilinuka limau.

Yaliyonitoka kinywani sitayarudia yote. Nilisema kwao Muleba wanajua migomba na kahawa tu, ng'ombe wanamwona kwenye bakuli la mchuzi. Nilisema amemwosha mama yangu akammwaga kwenye mfereji. Adelgunda akabaki amesimama na brashi mkononi, machozi yanamtiririka.

"Sikujua, wifi. Kwetu hatukufuga. Nilitaka mama apendeze."

Ndipo baba aliponyanyuka. Akaja polepole, akakitoa kibuyu mikononi mwangu, akanusa. Akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu, na mimi nikaogopa kumtazama. Kisha akampa Adelgunda akishike, akachukua panga na fimbo yake, akaelekea kilimani.

Alirudi jua likiwa limeshuka, begani ana mzigo wa emburara, zile nyasi ndefu za malishoni.

"Mama yenu Mukashema hakuwahi kuzikata hizi," alisema akihema. "Nilikuwa namletea mimi. Tangu tulipooana."

Hilo sikuwa nikilijua. Miaka yote nilidhani moshi ule ulikuwa wa mama peke yake.

Adelgunda akatoa kijungu kwenye fungu la kutupa, kimya kimya, nami nikajifanya sikuona. Tukaanza kufukiza, wote wawili hatujui. Nyasi ziliwaka badala ya kufuka. Nikapuliza, moshi ukanijaa machoni, nikakohoa mpaka nikakaa chini. Adelgunda, uso wote masizi, akaanza kucheka, na mimi nikacheka bila kupenda. Moshi ukaingia dirishani, kwenye ukuta alioupaka chokaa mchana ule ule. Aliutazama ukiingia. Hakwenda kufunga dirisha.

Tukampelekea baba. Akanusa.

"Siyo," alisema.

Nikahisi nimefiwa upya.

"Hata ya kwake ya kwanza haikuwa yenyewe," akaendelea. "Mama yangu aliyamwaga yale maziwa, akasema yananuka jiko lililoungua. Mukashema alilia huyo!" Akacheka, na kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mazishi. "Akafukiza, akafukiza, mpaka ikawa yake. Kibuyu kisipofukizwa kinakufa, wanangu. Mwaka mzima tulikuwa tunanusa kitu kinachoisha."

Akanigeukia. "Placidia, najua ulikuja kukichukua."

"Ndiyo, baba."

"Una ng'ombe huko dukani?"

"Sina."

"Mucyo ataniletea mtamba baada ya misa. Nyasi nitakata mimi, na mkamwana atafukiza. Kitabaki hapa."

Iliniuma, sitaficha. Binti yake wa kwanza ni mimi. Nikamtazama Adelgunda. Alikuwa ameingiza pua kwenye kibuyu, amefumba macho, anajaribu kuishika harufu ile kichwani. Nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Jumapili nilipanda bodaboda kurudi Nyaishozi mikono mitupu. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, nikajitanda kitenge nilichokuwa nimejifunga siku ya kufukiza. Tulipoanza kushuka mteremko upepo ukanipiga na pindo lake usoni, nikausikia ule moshi. Haukuwa wa mama. Ulikuwa wa baba, wa Adelgunda na wangu. Nililia mpaka dereva akauliza kama asimame.

Nilipofika nilifua nguo nyingine zote za safari. Kitenge nilikikunja, nikakiweka nyuma ya duka, pale nilipokuwa nimekitengea kibuyu.