Alama ya Kidole Gumba

Noeli ya mwaka ule ilimkuta Apolonia bado ana msiba. Mama yake, Bi Kulwa, alikuwa amezikwa makaburi ya misheni pale Bagamoyo kabla mvua za vuli hazijaanza, na vileja vya sikukuu vilikuwa kazi yake yeye marehemu. Watoto walipouliza kama mwaka huu vitakuwepo, Apolonia alijibu, "Vitakuwepo," kisha akaenda kutwanga mchele.

Asubuhi ya mkesha alichekecha unga, akaukanda kwa samli, sukari na iliki mpaka ukashikana. Akafinyanga viduara, na kila kimoja akakibonyeza katikati kwa kidole gumba, kama mama alivyomfundisha. Akavipanga ndani ya sufuria, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko.

Sufuria ya kwanza ilikuwa imeshaiva, na ya pili iko motoni, mtu alipopiga hodi. Alikuwa mwanamke mzee, kajifunga kaniki, anatembelea mkongojo. Apolonia alimjua kwa sura tu: Bi Mwanamkasi, wa mtaa wa msikitini.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Habari nimezipata nimechelewa."

Apolonia alimpa kigoda, akamletea maji na vileja viwili kwenye kisahani. Bibi alikichukua kimoja, akakigeuza, akakaa nacho mkononi bila kukila.

"Bado anabonyeza," alisema.

"Nani, bibi?"

"Kulwa. Alikuwa kwetu. Baba yangu alimnunua kwa watu wa msafara, mdogo hivi, rika langu. Sisi tulicheza, yeye akipika. Siku moja alitumwa kuni, hakurudi. Tukasikia yuko kwa mapadri."

Apolonia alijua mama yake alikuwa mtumwa. Nusu ya kijiji cha misheni walikuwa hivyo. Lakini nyumba ya nani, mama hakusema hata siku moja. Aliutazama unga uliobaki kwenye sinia, na kwa mara ya kwanza ukamchukiza.

"Kumbe hivi ni vileja vyenu," alisema.

"Samli na iliki ni vya mama yangu. Ila mama alivichora kwa kibati, maua mazuri. Kulwa akipewa kazi anabonyeza kidole. Alipigwa kwa ajili hiyo, nami nikiona. Kesho yake anabonyeza tena." Bibi alikirudisha kileja kwenye kisahani. "Nimekuja kuomba radhi. Miaka yote hii tumepishana sokoni, nikasema kesho, kesho."

Apolonia aliusogeza unga kando. Alitamani kumfukuza, akatamani pia aendelee kusimulia, maana hapakuwa na mtu mwingine aliyemwona mama yake akiwa mtoto.

"Radhi ya mama ninayo wapi mimi, bibi?" alisema mwishowe. "Angekupa mwenyewe. Mimi naweza kukuonyesha alipolala."

Wakaenda polepole, kwa mwendo wa mkongojo. Kaburini Bi Mwanamkasi alisimama, akafunua viganja, midomo ikamcheza. Hakulia. Apolonia alisimama nyuma yake, mikono ingali na unga, naye hakujua aombe nini.

Aliporudi alikuta sufuria ya pili imeungua chini. Akavitupa vilivyoungua, akaufinyanga unga uliobaki. Alipofika kwenye kubonyeza alisita, akafikiri kuviacha hivyo hivyo. Kisha akabonyeza, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu kuliko alivyozoea, na machozi aliyoyazuia tangu siku ya maziko yakamtoka.

Sikukuu ile alipeleka sahani kwa majirani wote, kwa Bi Mwanamkasi hakupeleka. Mwaka uliofuata alisikia bibi hainuki tena kitandani. Akafunika sahani ya vileja kwa kitambaa, akaenda mwenyewe mtaa wa msikitini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akavimega vipande vidogo kwa sababu bibi hakuwa tena na meno.

"Nisimulie tena, bibi," alimwambia. "Alikuwaje alipokuwa mdogo?"