Kitako cha Marehemu Hakikatwi

Jana usiku nimeota nimepelekwa kwa seremala nikachongwe nilingane na bunduki. Msicheke. Au chekeni, lakini nisikilizeni hadi mwisho, kwa sababu leo asubuhi nimeona kitu kilichonimaliza kabisa.

Kwanza mjue hali halisi. Bunduki ni ya marehemu baba, mzee Kiondo. Aliipigia visahani vya udongo, vile vinavyorushwa angani vivunjwe kwa risasi, kwenye klabu yetu ya shamba la mkonge miaka ishirini na mbili, na alipofariki, bunduki na nafasi yake kwenye timu vikaja kwangu. Mzee alikuwa mrefu, anabadilisha balbu bila kupanda kiti. Mimi balbu ikiungua naita mtu. Kwa hiyo kitako, ule mti unaoegemea begani, ni kirefu kwangu. Nikiinua bunduki kinanasa kwapani. Nikilazimisha, shavu halikai panapotakiwa, naona nusu ya mtutu na mawingu yote ya Korogwe.

Wiki nne mfululizo sijavunja zaidi ya visahani vitatu kati ya ishirini na tano. Jumamosi hii ni mchujo. Nikiboronga tena, nafasi ya baba inachukuliwa na daktari wa mifugo, bwana Mhando, ambaye ameshaanza kuniuliza kwenye gari la timu mzee alikuwa anakaa kiti kipi.

Fundi Singano, seremala wetu, amenishauri mara tatu: "Bwana Hatibu, hicho kitako tukikate." Nami nimemjibu mara tatu: "Cha marehemu hakikatwi." Akaniuliza sasa nitafanyaje, nikamwambia nitajizoesha. Na nimejizoesha kweli. Kila asubuhi naning'inia kwenye bomba la juu ya geti ili mikono irefuke. Majirani siku hizi wananipita tu, wananisalimia nikiwa huko huko juu.

Basi usingizini najikuta kwenye karakana ya fundi Singano, ila imehamia kliniki ya watoto. Ile mizani ya kuwaning'iniza watoto ipo. Kwenye kiti cha wateja imekaa bunduki, imekunja nne. Mimi nimebanwa kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania mbao.

"Shikamoo," naisalimia, maana kwa umri imenizidi.

"Marahaba," inajibu. Kisha inamgeukia fundi. "Huyu mtu hanitoshi. Huku amenibana, kule ananipwaya."

Fundi amevaa koti jeupe, penseli sikioni. Ananipima kutoka begani hadi kidole cha triga, halafu anatikisa kichwa kwa ile huruma ya hospitalini.

"Mkono mfupi. Shingo fupi. Shavu nene. Nani alikutengeneza?"

"Wazazi wangu."

"Walikuwa na haraka," anasema, anaandika. "Sasa kuna njia mbili. Tukate kitako, au tukufanyie kazi wewe."

"Cha marehemu hakikatwi," nasema. Nimebanwa mbavu kwenye chuma, ndugu zangu, na bado najivuna.

"Safi sana," inasema bunduki. "Kijana ana heshima."

Fundi anachukua randa na kuanza kulipunguza shavu langu la kulia. Maranda yanaanguka sakafuni, yananukia mninga. Haiumi, inawasha tu. Shingoni ananiongezea vibao vitatu vyembamba, kila kimoja na skrubu mbili. Halafu anafungua kabati, na ndani imetundikwa mikono ya watu. Anachagua jozi ndefu yenye vinyweleo vyeupe, ananifunga. Ile yangu mifupi anaitupa kwenye ndoo ya maranda. Nikaingiwa na huzuni, kumbe nilikuwa naipenda.

"Sasa Jumamosi nitapita?" namuuliza.

"Bunduki utaitosha," anasema. "Mengine sijui."

Jiliwa linaachia, nami nimesimama katikati ya uwanja wa klabu, jua la saa sita. Wanachama wamekaa na chupa zao za chai. Mwenyekiti anasoma kanuni, na kanuni ni ile ile wanayotuimbia kila wiki: bunduki ikikukaa sawa, hupiga pale unapotazama. Tofauti ni kwamba leo hawatanii. Natazama chupa ya chai ya mwenyekiti. Paa! Chupa hakuna.

"Samahani, mwenyekiti."

Natazama kofia ya bwana Mhando. Paa! Hapo sikuomba samahani.

Kisahani changu kinasubiri juu ya mtambo wa kurushia, miguu inaning'inia, kinatafuna karanga.

"Ni wewe tena?" kinauliza.

"Ni mimi."

"Wiki nne narudi nyumbani nikiwa mzima. Unaijua aibu yake? Nimezaliwa nivunjwe mimi. Wenzangu wote wameshakuwa vigae, mama ananiuliza nina kasoro gani."

"Leo nimechongwa vizuri," nakiambia. "Leo natosha."

"Haya, tutaona." Kinajifuta chumvi mdomoni, kinaruka.

Nainua bunduki, na kwa mara ya kwanza tangu niirithi, hainasi popote. Kitako kimetua begani, shavu limelala mahali pake. Nikafurahi kiasi cha kutaka kupiga kelele. Nikatazama mbele kutafuta kisahani.

Mbele amesimama baba.

Amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na mikono ya kanzu inaning'inia mitupu. Kidole changu kiko kwenye triga. Miaka miwili sijamwona baba yangu. Nikiendelea kumtazama nitampiga. Nikiangalia pembeni ataondoka. Niliogopa kuliko siku tuliyomzika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tazama kisahani, Hatibu. Mimi nilishakufa."

"Siwezi."

"Na hiyo mikono uliyovaa ni yangu. Nirudishie. Tangu uivae siwezi hata kujikuna mgongo, na niliko hakuna wa kumwomba."

"Nilitaka bunduki yako ibaki vile vile ulivyoiacha, baba."

"Kwa hiyo ukaona heri ukatwe wewe?" Akacheka puani, kama alivyokuwa akinicheka nikiwa mdogo. "Ule ni mti, mwanangu. Niliununua dukani. Wewe nilikuzaa."

Ikabidi nimwache. Nikayatoa macho kwake kwa nguvu, nikayapeleka juu, kwenye kile kisahani kilichokuwa kinatokomea angani. Paa! Kikapasuka vipande kumi na zaidi, na kila kipande kikapiga kelele, "Ahsante!" Nilipogeuka, pale aliposimama mzee palikuwa na majani tu.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka, na mke wangu Zaujia amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha chai.

"Baba Zuhura, umepiga kelele 'ahsante' hadi nimeshtuka. Unamshukuru nani?"

Nilikwenda kabatini nikatoa bunduki, nikahakikisha ndani haina kitu, nikachukua bisibisi. Kwenye mwisho wa kitako kuna kile kipande cha mpira cha kupunguza teke la bunduki. Miaka miwili sijawahi kukifungua, niliona ni kumvua mzee nguo. Nikalegeza skrubu mbili, mpira ukatoka.

Chini yake mti ulikuwa na mikwaruzo ya msumeno wa mkono. Kiwandani hawakati hivyo, hata mimi najua. Mheshimiwa marehemu alishaukata mwenyewe zamani ili umkae yeye, wala hakumwambia mtu. Na juu ya mikwaruzo, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake mdogo wa kulalia upande, alikuwa ameandika:

"Hatibu akirithi, ikatwe inchi na robo. Ana mikono ya mama yake. Asibishane na fundi."

Zaujia alisoma akiwa nyuma yangu, akacheka hadi chai ikamwagikia shuka. Nami nilitaka kucheka. Nikampa simu, nikamwambia ampigie fundi Singano aje na msumeno, maana mimi nilikuwa nalia na namba sizioni.