Siku Tuliyokwenda Kutazama Shimo

Mama mdogo Nasriya alifariki alfajiri ya Jumamosi, na kaka yangu Mahfoudh alinipigia simu kabla sijakunja msala. Hakunipa hata nafasi ya kulia. Aliniambia maiti atatolewa hospitali saa nne, ataoshwa nyumbani kwake Khuwair ya Kusini, na baada ya sala ya alasiri atazikwa. Kisha akaniambia Mama asijue kitu mpaka mazishi yaishe.

Kwetu hilo si jambo geni. Sisi huwaficha wazee misiba kama watoto wanavyofichwa sindano. Mtu huambiwa fulani anaumwa kidogo, njoo umtazame, akifika anakuta majamvi yameshatandikwa na watu wanasoma Yasini. Na Mama alikuwa na sababu yake. Mwaka juzi, alipopewa habari ya kifo cha Baba, alianguka pale pale mlangoni, na ilibidi azibuliwe mishipa miwili ya moyo. Daktari alisema asishtuliwe. Kwa hiyo Mahfoudh hakufanya kwa roho mbaya. Nalisema hili mapema ili nisije nikamtwisha yeye lawama zote, maana gari niliendesha mimi.

Kazi yangu ilikuwa kumtoa Mama nyumbani kwetu Al Khoudh na kumrudisha jioni. Nikamwambia leo nampeleka kutembea, kutazama vile vitu vya njiani ambavyo kila mtu ana picha yake navyo isipokuwa yeye. Alifurahi mpaka nikaona haya. Tangu aone lile shimo la maji la Bimmah kwenye simu ya mjukuu wake alikuwa akiniomba nimpeleke, nami kila wiki nilikuwa na udhuru: kazi, joto, gari. Ikabidi afe mtu ndipo nipate nafasi.

Alipokwenda kuchagua mtandio, niliitoa simu yake mkobani nikaisukuma chini ya mto. Alipoitafuta njiani, nilimwambia bila shaka ameisahau kwenye chaji, na akajilaumu kwa uzee.

Tulianza na kile chetezo kikubwa cha Riyam, juu ya mlima, cheupe, utadhani kuna jitu limepita likakisahau. Mama alikitazama kupitia kioo, akauliza udi wake huuzwa kwa kilo au kwa lori. Tukapita Bustan, halafu tukashika barabara ya Quriyat. Kwenye kila mzunguko wa barabara alitaka nipunguze mwendo aone wameweka nini katikati. Palipo na birika la kahawa alisifu. Palipo na paa wa saruji alisema mmoja ana uso wa Mahfoudh akinyimwa kitu. Nilicheka kweli, na katikati ya kicheko nikakumbuka kwamba wakati huo mdogo wake alikuwa anaoshwa.

Huyo mdogo wake walikuwa hawasemezani mwaka wa pili. Kisa chenyewe hata kukisimulia ni aibu. Siku ya harusi ya Rawan, binti wa mama mdogo, picha ya ukoo ilipigwa wakati Mama amekwenda kusali magharibi. Aliporudi watu walikuwa wameshatawanyika. Mama akasema Nasriya amemtoa katika ukoo. Mama mdogo akasema mpiga picha alikuwa na haraka. Basi, ndiyo hayo. Wote wawili walikuwa vichwa vigumu, nami nimerithi kichwa hicho bila ya akili zao.

Shimoni tulifika karibu na saa sita. Ngazi za kushukia majini ni nyingi na magoti ya Mama hayataki ngazi, kwa hiyo tulikaa juu, penye ukuta, tukayatazama yale maji ya kijani na vijana wanaojirusha. Nikamweleza kwamba watu husema nyota ilianguka hapo. Mama akasema nyota ya watu inaanguka, nao wanaijengea ngazi na vyoo. Kisha akaegemea ukuta. Nilidhani amechoka.

"Nasriya angelipenda hapa," alisema. "Nipeleke kwake, Wijdan. Leo hii. Sote tushazeeka, na mie nnamwekea kinyongo kwa picha."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa sita na nusu. Kutoka pale mpaka Khuwair ni mwendo wa saa moja na nusu. Kama ningewasha gari wakati ule, saa nane tungekuwa mlangoni, na maiti angekuwa bado ndani. Mama angemwona uso. Angembusu kipaji na kumwambia alichotaka kumwambia, hata kama hajibiwi. Nilizipiga hesabu hizo vizuri sana. Sina udhuru wa kusema sikujua.

Nikamwambia nakwenda msalani, nikampigia Mahfoudh. Nilimweleza, nikamwambia Mama mwenyewe anataka kwenda, ameshapatana naye moyoni, tumwambie. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Akianguka mbele ya maiti, Wijdan, mzigo utaubeba wewe," alisema.

Nikaogopa. Ningependa kusema nilimwogopea Mama, lakini ukweli ni kwamba nilijiogopea mimi. Niliona ndugu zangu wakinitazama miaka yote iliyobaki. Nikarudi kwa Mama nikamwambia haya, twende, ila kwanza tule.

Tulikula Quriyat, samaki na wali, nami nilitafuna kila tonge mpaka likawa maji. Tukaenda msikitini, akachanganya adhuhuri na alasiri kama msafiri, ili, alisema, tusipoteze wakati njiani. Nikamwambia kuna kitu kimoja tu kimebaki. Nje kidogo ya mji, karibu na mkahawa wa chai, kuna kasa wa saruji aliyepakwa rangi ya kijani, mkubwa kuliko gari, ana vidaraja vitatu vya kumpandia mgongoni. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akasema ana haraka. Nikamsihi. Nikasema nataka picha yake, moja tu.

Akapanda. Ana miaka sabini na mbili na magoti yale, lakini alipanda kwa sababu mtoto wake alimwomba, akakaa mgongoni mwa kasa, akatengeneza mtandio. Wakati ule msikiti wa ng'ambo ya barabara ukaadhini alasiri. Niliishika simu juu, nikijua kwamba kule Khuwair sala ya maiti itafuata hii.

"Leo nimefurahi, mwanangu," alisema kutoka juu pale. "Zamani hatujatoka, mie nawe."

Ujumbe wa Mahfoudh uliingia tulipokuwa tunakaribia Khuwair. Maneno mawili: Tumemzika. Mleteni. Alikuwa hata hajui anaandikia mtu mmoja au wengi. Mpango ulikuwa yeye ndiye amwambie Mama, taratibu, na daktari akiwa karibu. Lakini pembeni yangu Mama alikuwa anajifunza la kusema. Hataanza kwa msamaha, alisema, maana Nasriya atajivuna. Ataingia tu, akae, amwambie nipe chai, kama zamani.

Sikuweza kuyasikia zaidi. Nikaingia kituo cha petroli, nikaegesha kando, nikamshika mkono, nikamwambia.

Hakuanguka. Alisema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, kwa sauti ya chini, akaufumba na kuufumbua mkono wake ndani ya wangu. Moyo wake, ule tuliouogopa tangu alfajiri, ukaendelea kupiga kama kawaida.

"Lini?" aliuliza.

"Alfajiri."

"Na kuzikwa?"

"Sasa hivi, Mama. Wameshamaliza."

Akatazama mbele, kwenye pampu. "Na pale shimoni, nilipokwambia nipeleke. Tungeliwahi?"

Ningeweza kudanganya. Siku nzima nilikuwa nimefanya kazi hiyo, na mkono ulikuwa umeshazoea. Lakini nilimwambia tungewahi. Aliomba maji. Nikamletea, akanywa mafunda mawili, akasema twende.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa imejaa wanawake. Rawan alinyanyuka alipotuona, macho yamevimba, akasimama mbele ya Mama bila kumkumbatia. Aliuliza kwa adabu, na adabu ile ilichoma kuliko ukali.

"Tulikungojea, Mama Kheiria. Tulisema kwa hili utakuja tu. Hatukumfunika uso mpaka wanaume walipoingia kumchukua. Kaka Mahfoudh katwambia umekwenda matembezi na simu hupokei."

Kila mwanamke mle ndani alijua habari ya ile picha ya harusi, na nikaona kila mmoja akimalizia kisa kichwani mwake: kinyongo cha Kheiria kimevuka hata kaburi. Palitakiwa sentensi moja tu. Hakujua, mimi ndiye niliyemficha. Maneno hayo hayazidi matano, nayo yalikuwa ulimini.

Nilimtazama Mama, nikidhani atayasema yeye. Alikuwa na haki. Hakugeuka hata kunitazama.

"Kweli, mwanangu," alimwambia Rawan. "Nilikwenda kutembea. Nisamehe."

"Matembezi ya wapi?" akauliza bibi mmoja kutoka ukutani.

"Kutazama shimo," alisema Mama.

Wakampisha pembeni, akakaa. Mtu akanipa kikombe cha kahawa, nami nikakipokea, nikanywa.