Nyota Izunguke, Ibaki Ileile

Mhadhiri alisoma barua ya msahihishaji wa jarida alikopeleka makala yake akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, mkoba ungali begani. Miaka mitatu alikuwa akithibitisha kwamba milinganyo ya nyota inayozunguka ina jibu: kwamba mpira wa gesi, unaojivuta kwa ndani huku mzunguko ukiutanua kiunoni, unaweza kutulia bila kusambaratika. Sasa msahihishaji ameona ufa. Kila kasi ya mzunguko ilipoongezwa, jumla ya gesi ilibadilika. "Hiyo si nyota ileile," aliandika.

Mkuu wa idara alitaka yaishe. "Sema tunachukulia kwamba gesi haibadiliki."

"Nikichukulia tu, mzee, nitakuwa nimethibitisha nini?"

Wenzake walipozidi kumpa pole kana kwamba amefiwa, alihamia kwa dada yake mshonaji, akajibanza kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Mdogo wangu," dada aliuliza, macho kwenye cherehani, "nyota si zipo? Unathibitisha nini?"

"Zipo angani, dada. Kwenye milinganyo yetu hatuna hakika. Kama haina jibu, basi siku zote tumekuwa tukieleza kitu kingine."

"Haya, kazana. Ila usinichoree kitambaa cha mteja."

Wiki ya sita ndipo alipong'amua kosa lake. Alikuwa ameshikilia msongamano wa gesi kwenye kitovu usibadilike. Akaamua kukilegeza kitovu, ashikilie jumla. Lakini njia hiyo ilidai kitu kimoja: kitovu kikibanwa kidogo, jumla lazima ibadilike kweli, la sivyo hana namna ya kuirudisha ilipokuwa. Alihangaika nalo siku kumi na moja. Mara mbili alishangilia, mara mbili akakuta alama ya kutoa imemponyoka. Akafuta, akaanza upya. Mwishowe hesabu ikakaa: nyota ikizunguka polepole, jibu lipo, na gesi ni ileile.

Isipokuwa kwa aina moja ya gesi. Hapo, hata kitovu kibanwe vipi, jumla haikubadilika hata kidogo, na njia ikagonga mwamba.

"Hiyo ifiche kwenye tanbihi," alisema mkuu.

"Hapana. Nimeiweka ukurasa wa kwanza. Iliyonishinda imenishinda."

Jibu la msahihishaji lilikuja baada ya miezi miwili: uthibitisho umesimama. Mhadhiri aliketi, akalia kidogo, akanawa uso. Kisha akaenda kufundisha kipindi cha saa nane, sauti imemkauka, wanafunzi wakidhani ana mafua.